Kidato cha Kwanza na kujumlisha sehemu

Swali: Ndugu walimu, nimeanza kazi mwaka huu, nafundisha hisabati Kidato cha Kwanza, na wanafunzi wengi, ambao ndiyo kwanza wanasoma kwa Kiingereza, hujumlisha 1/2 na 1/3 wakapata 2/5. Je, nirudie sehemu au niendelee na muhtasari wa somo?

Jibu: Rudia, mwalimu. Waulize inawezekanaje 2/5 iwe ndogo kuliko 1/2 ilhali tumeongeza kitu. Wakishakwama, wakumbushe Kigawe Kidogo cha Shirika, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa 2 na kwa 3, walichokisoma shule ya msingi, tena kwa Kiswahili.

Jibu: Naafiki, ila darasa likiwa kubwa usisahihishe madaftari yote kila siku, utachoka kabla ya likizo ya Juni. Kusanya ya safu moja.

Muulizaji: Na mkuu wa idara akihoji kuchelewa kwa azimio la kazi, yaani mpango wa mada za kufundisha kwa mwaka?

Jibu: Mwonyeshe madaftari hayo, ajionee makosa yenyewe.