Naomba ushauri: vinundu kwenye mikaratusi, Ihumwa
Wakuu, habari za leo. Miche yangu ya mikaratusi hapa Ihumwa, Dodoma, imeota vinundu kwenye mshipa wa kati wa majani machanga na kwenye vikonyo. Nimepasua kimoja, nikakuta funza mweupe mdogo sana. Nahisi ni yule nyigu wa Australia, Leptocybe invasa. Jike hutaga ndani ya jani changa. Seli zinazomzunguka funza hutanuka na kugawanyika ovyo, zikawa chakula chake, huku kuta za seli za nje zikikomaa na kuwa ngumu. Dawa ya kupuliza (na bei zake hizi!) itampataje humo ndani? Je, nikate machipukizi nichome, au ning'oe yote? Na kuna mkaratusi unaostahimili nyigu huyu pamoja na ukame wetu?