Jina la Mustang kwenye SUV ya umeme: lirithiwe, liongezewe mkia, au litafutwe jipya?

KijanaWaGungu (Kigoma)

Wakuu, habari za jioni. Jana nipo kijiweni Mwanga naoshewa gari, jamaa akanitolea simu: gari la juu, milango minne ya abiria, taa za nyuma mistari mitatu mitatu, na puani farasi anayekimbia. Nikamwambia farasi kabandikwa tu hapo, Mustang ni gari la mbio, la chini, la milango miwili. Akasema hiyo ni Mustang Mach-E, ya umeme, na Ford wenyewe ndio wameiita hivyo. Tulibishana mpaka dogo aliyekuwa anaosha akazima pampu asikilize vizuri.

Nikakaa kufuatilia, nikaona kampuni zimepita njia tatu.

Kuna walioamsha jina zima zima. Capri ya Ford Ulaya ilikuwa ya milango miwili, bonati ndefu, ikauzwa 1969 mpaka 1986, jina likalala. 2024 wakaliamsha na kulibandika kwenye gari la umeme la milango mitano, na chini ya hilo bodi ni msingi wa Volkswagen!

Kuna waliochukua jina wakaongeza mkia. Hapo ndipo ilipo Mustang Mach-E ya 2019, na kabla yake Mitsubishi na Eclipse Cross ya 2017, ingawa hiyo ilianza na petroli.

Halafu kuna waliotafuta jina jipya. Porsche walipotaka gari la juu 2002 waliliita Cayenne, hawakuazima jina la gari lao la mbio wakaliita 911 ya porini. Lamborghini wakaja na Urus, Ferrari 2022 wakaja na Purosangue. Zote zinauzwa.

Mimi nipo na hao wa mwisho. Chema chajiuza; kama gari lenyewe ni zuri, la nini kumbebesha babu begani? Semeni.

FundiWaMwanga (Kigoma)

Umeenda mbali mkuu. Crown unayo hapo mtaani. Jina la tangu 1955, miaka yote hiyo sedani ya watu wazima, na sisi huku tukaipenda ile Athlete, toleo lake la kimichezo, mpaka basi. 2022 Toyota wakatoa Crown iliyonyanyuka, nusu sedani nusu gari la juu. Hakuna aliyelia kijiweni kwa sababu bado hazijatufikia kwa wingi. Subirini.

Mimi ugomvi wangu na majina ni wa spea. Mteja wangu ana Athlete, chasisi yake inaanza na GRS182. Alitaka shokapu za nyuma, akapiga simu duka moja Dar, akasema tu "Crown ya 2005". Mzigo ukapanda basi. Siku ya tatu naufungua: shokapu za upepo, za Majesta, Crown ya kifahari. Nikazilaza sakafuni kando ya zile mbovu, mpira wa juu hauendani, sehemu ya bolti ya chini haiendani, na kuna bomba la hewa linaning'inia ambalo kwenye Athlete halina pa kwenda. Muuzaji anasema hakukosea, Majesta nayo ni Crown. Na kweli ni Crown.

Sasa nifikirie siku mtu ananiambia "fundi, niagizie pedi za Mustang", yupo wa V8, injini ya petroli ya silinda nane, na yupo wa betri.

BintiUjiji (Kigoma)

Fundi, hilo ni kosa la mteja kutosoma chasisi, usilitwike jina.

Kijana wa Gungu, mimi nimepewa jina la bibi mzaa baba. Baba yangu mpaka leo ananiita "mama", akiniona nimekasirika ananibembeleza kama anambembeleza mama yake. Sifanani naye hata kidogo. Bibi alikuwa mrefu, mkimya, mimi mnanijua. Hakuna aliyewahi kusema nimemuibia jina. Kwetu jina hufuata ukoo, sura si hoja.

Na huo ukoo wa Mustang mnaousifia, uangalieni vizuri. Ile ya kwanza ya Aprili 1964 chini yake ilikuwa Ford Falcon, gari la kawaida la baba kwenda kazini. Ya bei ya chini ilikuja na injini ya silinda sita, si hiyo V8 mnayoota. Ford walichukua msingi wa gari la familia, wakalivika nguo nzuri na jina zuri, na ndani ya mwaka mmoja wakauza zaidi ya 400,000. Kwa hiyo jina kubwa juu ya chasisi ya kawaida ndiyo desturi ya nyumba hiyo tangu siku ya kwanza.

Halafu Mach-E mbele, pale ambapo injini ingekaa, kuna buti ndogo yenye tundu la kutolea maji. Wenyewe waliitangaza kwamba unaweza kuijaza barafu. Mimi nimeshaona samaki wetu migebuka humo, mwaloni Kibirizi saa kumi na mbili asubuhi.

MzeeWaReli (Tabora)

Nimewasoma wanangu. Niongeze historia kidogo, maana mnabishana kama vile hili limeanza jana.

Mwaka 1973, muda mfupi kabla ya mafuta kupanda, Mustang ilikuja ndogo, Mustang II, imechangia damu na Pinto, kigari cha bei rahisi. Wapenzi wa V8 waliikunjia uso, lakini mwaka wake wa kwanza sokoni iliuzwa zaidi ya 380,000. Miaka ya themanini Ford wakapanga Mustang ijayo iwe ya kuvutwa na magurudumu ya mbele, imejengwa na Mazda. Habari zikavuja, wateja wakaandika barua kwa wingi mpaka kampuni ikarudi nyuma. Lile gari likatoka 1988 kwa jina la Probe, na Mustang ya kusukumwa kwa nyuma ikaendelea. Probe leo nani anaikumbuka? Ilikufa 1997.

Kwa hiyo wateja walishawahi kulikinga jina hili. Hata kwa Mach-E, Bill Ford, kitukuu cha Henry Ford, mwanzoni aligoma jina la Mustang lisiguswe. Wakamshawishi, akakubali.

Lakini ninyi watu wa Kigoma ndio mnanishangaza. Mna meli ya Liemba hapo bandarini. Wajerumani waliileta vipande vipande kwa reli hii yetu, ikashushwa majini 1915 ikiitwa Graf von Götzen. 1916 wakaizamisha wenyewe, Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ilikuwa ya mvuke. Miaka ya sabini wakatoa mitambo ya mvuke wakaweka dizeli. Nani alisema si Liemba tena?

KijanaWaGungu (Kigoma)

Shikamoo mzee. Hapo umenigusa kwa sababu babu yangu alisafiri nayo mpaka Kasanga.

Ila mfano wako unanisaidia mimi. Liemba walibadilisha injini, chuma ni kile kile. Mtu aliyeipanda enzi za mvuke ukimweka leo gatini ataijua. Wangechukua Mustang ile ile, milango miwili, paa limelala, wakaitia betri, ningenyamaza. Dodge wamefanya hivyo na Charger Daytona ya umeme, umbo limebaki la Charger. Mach-E wamebadilisha injini, wamebadilisha bodi, wameongeza milango, wamebakiza farasi. Hapo ni kama uchukue boti mpya ya faiba, uiandike Liemba ubavuni.

MzeeWaReli (Tabora)

Marahaba mwanangu. Hiyo ya boti ya faiba imenichekesha. Nakupa pointi moja.

DerevaKaliua (Tabora)

Mnaongelea jina, mimi naongelea njia. Gari hilo betri imelala chini ya sakafu yote. Huku kwetu masika ukitoka lami unakutana na maji hujui kina. Iiteni Mustang, iiteni Punda, mimi nabaki na Probox.

Ila mwenye kuijua anijibu: ni kweli mlio wa ndani unatoka kwenye spika?

BintiUjiji (Kigoma)

Kweli, kuna mlio wa kutengenezwa na unaweza kuuzima. Hapo nakubali ni maigizo.

Kijana, nikuulize. Mustang ya petroli imeondolewa sokoni? Haijaondolewa. V8 bado inauzwa, tena tangu 2015 wanaitoa kiwandani na usukani wa kulia, kitu ambacho zamani hakikuwepo. Mwaka 2024 Marekani Mach-E iliuza zaidi ya 51,000 na Mustang yenyewe kama 44,000. Wamekaa duka moja. Anayetaka muungurumo anaupata, anayetaka kupeleka watoto shule anapata. Ule mkia "Mach-E" ndio unaowatenganisha, kama ambavyo lile duka la Dar lingeambiwa "Athlete" toka mwanzo.

KijanaWaGungu (Kigoma)

Hiyo ya wote wawili kuwa dukani sikuwa nimeipa uzito. Basi nisogee kidogo: mkia naukubali, kwa sharti mwenye jina bado yupo hai. Capri ndiyo siikubali. Wamemfukua marehemu, hana hata wa kumtetea, na hawakuweka mkia wowote. Ukiandika Capri mtandaoni sasa zinakuja picha mbili, huelewi.

MzeeWaReli (Tabora)

Mimi naona kinyume. Marehemu hana wivu. Jina la aliyekufa ndilo tunalowapa wajukuu. La aliye hai ukimpa mtoto kuna nyumba watanuna. Capri wenyewe wapo wachache, wengi wazee kama mimi, na hakuna anayeingia dukani akatoka na gari asilolitaka.

BintiUjiji (Kigoma)

Mzee, mimi nilipewa jina bibi akiwa hai. Alinuna wiki mbili, kisha akaniletea kanga.

FundiWaMwanga (Kigoma)

Malizeni ya kanga. Yule mteja wa Crown karudi, sasa anataka bushi za mbele, na duka ni lile lile. Nimemwambia asitamke neno Crown kabisa. Apige picha kile kibati cha kwenye bonati, aitume ilivyo, anyamaze.

Na wewe uliyeniandikia pembeni usiku kuhusu taa ya Skyline yako: Skyline ipi? Maana Nissan nao Japani waliuza Skyline Crossover kuanzia 2009, gari la juu kabisa. Leta chasisi.