Naomba ushauri: povu la mbaazi ni saponini au ni protini tu?

Ndugu wataalamu, shikamooni wakubwa, na kwa rika langu habari za kazi. Ninachunguza viambata asilia katika punje za mbaazi zenye ganda jekundu. Niliziloweka, zikiwa zimesagwa, katika ethanoli ya asilimia 70 kwa saa 24, kisha nikachuja. Kloridi ya chuma iligeuza maji yale kuwa ya kijani kinachokaribia weusi, nami nikaichukulia kuwa dalili ya tanini (viambata vyenye ukakasi) za ganda; hapo sina mashaka makubwa.

Kinachonikwamisha ni saponini, yaani viambata vya mimea vinavyotoa povu kama sabuni. Nilipotikisa unga katika maji ya moto, povu lilisimama kama la sabuni, kimo cha kidole, kwa zaidi ya dakika 15. Lakini mbaazi ina protini nyingi, nayo protini hutoa povu vilevile. Nilipochemsha na kuchuja tena, povu lilipungua bila kuisha. Kromatografia ya bamba la silika (njia ya kutenganisha viambata kwa kuvipandisha na kiyeyusho kwenye bamba) ilinipa mabaka yaliyoburuzika tu.

Je, niondoe protini kwa njia gani kabla ya kurudia kipimo? Na ni mchanganyiko upi wa viyeyusho utakaotenganisha saponini kwenye bamba hilo, ikiwa nilivyo navyo ni klorofomu, methanoli na butanoli?