Mume anataka kuacha pombe: nimsaidieje bila kuubeba ulevi wake?

Mleta uzi: Wakuu, naomba ushauri. Mume wangu anakunywa pombe kali kila siku. Asubuhi mikono inatetemeka, hata kikombe cha chai hakishiki mpaka azimue. Mimi ndiye ninayempigia bosi wake kusema anaumwa, nalipa madeni yake ya baa, na chupa anazoficha namwaga. Sasa anasema anaacha wiki hii. Nifanyeje?

Jibu la 1: Dada, mengine yote yasubiri, anza na huko kutetemeka. Mwili uliofika hapo ukinyimwa pombe ghafla unaweza kuleta degedege, hata kifo. Jasho, kutapika na moyo kwenda mbio huanza saa chache tu baada ya glasi ya mwisho. Degedege huja zaidi ndani ya siku 2 za mwanzo. Kuchanganyikiwa, homa na kuona visivyokuwepo hufuata kati ya siku ya 2 na ya 4. Kwa hiyo usimwage chupa tena. Aende hospitali kabla ya kuacha, aseme ukweli: anakunywa kiasi gani kwa siku, alikunywa mwisho saa ngapi, amewahi kuanguka degedege au la. Kwa kawaida hupewa dawa za kutuliza zinazopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1, kwa sababu wanywaji wa muda mrefu huishiwa nayo na ubongo ukaumia. Dawa hizo usimnunulie mwenyewe mtaani. Zikikutana na pombe, pumzi inaweza kukatika.

Jibu la 2: Naongezea upande wako, maana hapa kuna utegemezi wa aina mbili: yeye kwa pombe, wewe kwa kumwokoa. Ukimdanganya bosi, hasara ya ulevi inahamia kwako, naye anabaki bila sababu ya kuacha. Nauli ya kliniki lipa, chakula mpe. Deni la baa ni lake, na simu ya kazini apige mwenyewe. Mwambie mapema, akiwa hajanywa, tena kwa ufupi: “Kuanzia leo sitampigia bosi wako. Siku ya kliniki nitakusindikiza.” Basi, usiongeze hotuba. Na usitishie kuondoka kama huondoki.

Atakasirika, na wengi hulegea hapo hapo. Ukikataa mara tisa ukakubali ya kumi, umemfundisha kusumbua mara kumi. Ila akianza kupiga, hilo si suala la mipaka tena. Toka na watoto kwanza.

Mleta uzi: Asanteni sana. Akishatoka hospitali, nimnuse mdomo kila anapoingia? Na akirudia je?

Jibu la 1: Usimnuse. Atajifunza kuficha vizuri zaidi, nawe utakuwa askari ndani ya nyumba yako. Kurudia hutokea kwa wengi, kwa hiyo pangeni sasa akiwa na akili timamu: atampigia nani na atarudi kliniki siku gani. Angalieni kilichotangulia, kama ni mshahara, ugomvi au upweke, mkibadilishe hicho. Akinywa siku kadhaa mfululizo, msimkatishe pombe ghafla nyumbani. Ni hospitali tena.

Jibu la 2: Wewe nawe tafuta kikundi cha familia. Al-Anon ipo tangu 1951 kwa ajili ya ndugu wa walevi, na huhitaji kusubiri mume aache ndipo uende.