Mjadala: Kisima cha shirika kikishakabidhiwa, pampu ikifa mwaka wa tano nani analipa?

MTOA HOJA, MASASI

Naomba tulizungumze hili bila kuoneana haya. Mashirika yasiyo ya kiserikali yanachimba visima Mtwara na Lindi, utepe unakatwa, kisha mradi unakabidhiwa serikalini. Tangu Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019, maji ya vijijini yako chini ya Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, na kijijini mwenye dhamana ni jumuiya ya watumia maji, ile tunayoiita CBWSO. Hoja yangu: mtambo wa kuchimba usiingie kijijini mpaka hati ya makabidhiano iwe imesainiwa na pande tatu, yaani shirika, RUWASA wilaya na jumuiya. Humo yaandikwe yale ambayo leo yanasubiri siku ya sherehe: bei ya ndoo, nani anashika fedha, na pampu ikifa nani ananunua nyingine.

Kusini hatupaswi kukumbushwa. Wafini walifadhili maji mikoa hii miwili kuanzia miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, na pampu za mkono zikafungwa kijiji kwa kijiji. Ulikuwa wakati wa mpango wa miaka 20, 1971 hadi 1991, wa kumfikishia kila mtu maji ndani ya mita 400, na maji yalikuwa bure. Kipuri kilikuja na gari la mradi. Sera ya Maji ya 2002 ilipotamka kwamba wanakijiji wabebe gharama za uendeshaji na matengenezo, mazoea yalikuwa yameshakomaa. Sasa tunarudia kosa lile lile kwa pampu za sola.

MHANDISI WA SHIRIKA, LINDI

Ndugu mtoa hoja, hati naiunga mkono. Ninachokataa ni kuifanya lango la kwanza, kwa sababu ya kalenda. Wafadhili wengi wanafunga hesabu Desemba. Halmashauri inaanza mwaka wake wa fedha Julai 1. Mvua zetu zinaanza Desemba na kuendelea hadi Aprili. Kipimo cha wingi wa maji kinachoaminika ni cha Septemba hadi Novemba, maji yakiwa yameshuka kabisa ardhini. Saini zikichelewa hadi Novemba, gari la kuchimbia linazama kwenye tope Januari, na kisima kinapimwa Aprili kikiwa kimejaa. Kinaonyesha lita 3,000 kwa saa. Oktoba inayofuata kinatoa nusu, pampu inavuta hewa na mchanga, halafu mnasema shirika lilifunga pampu mbovu.

Kabla ya hati yako tayari kuna kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, kuna mkutano mkuu wa kijiji, na kanuni za mwaka 2018 zinataka mkataba wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 upelekwe kwa Msajili wa NGOs. Ukiongeza saini tatu bila kuziwekea siku, utaua mradi mezani.

Liko na jambo zito zaidi ambalo watu hulisema pembeni. RUWASA imeunganisha jumuiya ndogo kuwa kubwa zenye vijiji kadhaa, ili ziweze kuajiri fundi na mhasibu. Sababu yenyewe ni nzuri. Lakini kijiji A chenye kisima cha sola kilichojengwa na shirika kinakusanya fedha, na fedha hizo zinanunua dizeli ya mradi wa zamani wa kijiji B. Paneli za kijiji A zikiharibika, akaunti haina kitu. Watu wa A wanaacha kulipa, na siwalaumu.

FUNDI PAMPU, NANYUMBU

Mnaongea fedha, nami niongeze vyuma, maana hati isiyotaja aina ya pampu haimsaidii fundi.

Kwenye kisima kifupi, maji yakiwa kina cha mita 15 au pungufu, pampu ya mkono ya Nira AF85 inatosha. Kwenye kirefu, hadi mita 45 hivi, pampu ya mkono ya Afridev. Uzuri wa Afridev ni kwamba kwa spana moja na ndoano ya kuvulia unatoa pistoni na vali ya chini bila kung'oa bomba. Vinavyokwisha ni vidogo: mpira wa pistoni, bobini (vile vizibo vidogo) za vali, bushi za mpini. Badilisha vyote mara moja kwa mwaka, hata kama pampu bado inatoa maji. Kijiji kikingoja mpaka ikatike, bushi iliyolika inauachia mpini uchezecheze, fimbo zinasugua bomba la plastiki, na kazi ya nusu saa inakuwa ya siku mbili.

Sasa shirika linaleta pampu ya aina nyingine kabisa, yenye mabomba ya chuma. Maji yenye chumvi au ukali yanaila zinki iliyopakwa kwenye bomba, maji yanatoka mekundu kwa kutu, akina mama wanarudi kwenye kisima walichofukua kwa mikono mtoni. Pampu nzima, kisima kizima, lakini hakuna anayechota! Mkaguzi akipita ataandika "kinafanya kazi".

Kwa hiyo kwenye hati yenu ongezeni mstari mmoja: pampu iwe ya aina ambayo tayari iko wilayani na kipuri chake kinauzwa Masasi au Mtwara mjini. Na kiwepo kisanduku cha vipuri vya miaka miwili, kikae kwa fundi wa jumuiya, kisifungiwe ofisini wilayani. Nimesoma hoja ya kalenda. Ni ya kweli, ila kuchagua pampu hakungoji mvua.

MHASIBU WA JUMUIYA, NACHINGWEA

Kaka mhandisi, fundi, hebu tupige hesabu maana mjadala huu huwa unakosa namba. Chukueni kisima cha sola kinachotoa lita 3,000 kwa saa. Kuyainua maji hayo mita 80 kunahitaji karibu wati 650 za kazi yenyewe. Pampu na injini yake vikipoteza nusu, unahitaji wati 1,300, kwa hiyo weka paneli za wati 1,600 hadi 2,000. Jua zuri likiwaka kwa muda wa saa sita linakupa lita 18,000 kwa siku. Kwa kipimo cha sera, lita 25 kwa mtu kwa siku na watu 250 kwa kilula (kituo cha kuchotea maji), hao ni watu 720 na vilula vitatu.

Lita 18,000 ni ndoo 900. Usipange bajeti kwa ndoo 900. Kiangazi, tuseme zinauzwa 450 kwa siku. Kwa shilingi 30 ndoo ni shilingi 13,500, na kwa miezi saba inafika 2,835,000. Masika watu wanakinga maji ya bati. Zikiuzwa 150 kwa siku, miezi mitano inaleta 675,000. Mwaka mzima 3,510,000. Toa posho ya wahudumu wa vilula na mlinzi wa paneli, tuseme 100,000 kwa mwezi kwa wote, inabaki 2,310,000. Toa koki, maungio na usafiri wa fundi. Kama pampu na kontrola mpya (kifaa kinachoongoza umeme wa paneli kwenda kwenye pampu) pamoja na kazi ya kuizamisha pampu vinafika milioni 6, mnahitaji miaka mitatu au minne ya kuweka akiba bila kuigusa.

Inawezekana, basi. Ila "bila kuigusa" ndipo tunapoangukia. Fedha zikiwa kwenye mfuko mmoja wa vijiji vyote, dharura ya leo inakula pampu ya kesho. Napendekeza akaunti moja ibaki, lakini kwenye vitabu kila mradi uwe na fungu lake la uchakavu, yaani akiba ya kununua vifaa vipya vya zamani vikichoka, na mkutano wa jumuiya usomewe salio la kila fungu kila robo mwaka. Kijiji B kikikopa kutoka A, iandikwe mkopo, na tarehe ya kurudisha.

Jambo jingine: kontrola nyingi zinakufa kwa radi, si kwa uzee. Waya wa ardhini na kizuia radi ni gharama ndogo ukilinganisha na kontrola, na ndivyo hurukwa kwanza bajeti ikibana.

MJUMBE WA SERIKALI YA KIJIJI, NEWALA

Ndugu zangu, mnazungumzia mabondeni. Huku juu kwenye uwanda wa Makonde maji yako mbali mno chini, na yale ya bomba yanasukumwa kutoka mabondeni kama Kitangari hadi kileleni. Pampu ya mkono haina kazi huku. Shirika likija na fomu ya "kisima kimoja kijiji kimoja", linapoteza fedha za watu.

Uwanda unahitaji matenki ya mvua kwenye shule na zahanati. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita za mraba 200, mvua ya milimita 900, upotevu wa asilimia 20: lita 144,000 kwa mwaka. Tenki la lita 50,000 likijaa mwisho wa masika linawapa wanafunzi 400 lita moja kila mmoja kwa siku 125 za masomo. Ni ya kunywa tu, lakini mtoto habebi kidumu kutoka nyumbani. Kinachoharibu ni gata zisizosafishwa kabla ya mvua ya kwanza, na maji ya mwanzo, yenye vumbi na kinyesi cha ndege, kuachwa yaingie tenkini. Na tenki la shule si la RUWASA wala la jumuiya. Nani atasaini hapo, mwalimu mkuu?

Kuhusu kulipia: kuna wanaopendekeza mchango wa maji ukatwe kwenye AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, msimu wa korosho, Oktoba hadi Desemba, fedha zikiwepo. Napinga. Mkulima ameshachoka na makato, na asiye na mikorosho, mara nyingi mama mjane, atachota bila kuchangia au atazuiwa. Ndoo kwa ndoo ni haki zaidi. Kisha viongozi, mimi nikiwemo, tuache kusema "maji bure" karibu na uchaguzi. Neno hilo likisemwa mara moja mkutanoni, makusanyo ya miezi sita yanakufa.

MTOA HOJA, MASASI

Mzee wangu wa Newala na dada mhasibu, mmenibadilisha kwa sehemu. Narekebisha hivi. Hati iwe ya kurasa mbili, isainiwe ndani ya siku 30 tangu shirika lipeleke maombi, na mazungumzo yaanze Machi ili uchimbaji uwe kiangazi. Iwe na aina ya pampu, kipimo cha maji cha kiangazi, bei ya ndoo iliyopitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, na fungu la uchakavu la mradi husika. Shirika libaki na wajibu wa matengenezo makubwa kwa miezi 24 baada ya kukabidhi, na gharama hiyo iwemo kwenye bajeti ya mfadhili tangu mwanzo. Kwa matenki ya shule, asaini mkurugenzi wa halmashauri, kwa kuwa shule ni yake. Mwalimu mkuu anahamishwa.

Siku 30 zikipita bila RUWASA kujibu, shirika liende kwa katibu tawala wa wilaya, lisianze kuchimba.

MHANDISI WA SHIRIKA, LINDI

Miezi 24 naikubali, mradi kontrola iliyopigwa na radi ihesabiwe upande wetu na koki iliyovunjwa upande wa jumuiya. Hilo la kwenda kwa katibu tawala bado silikubali: halina siku ya mwisho. Wekeni siku 14 hapo pia, tuendelee.