Hii elimu ya uraia inatusaidia ama tunaenda kunywa soda tu?

Mtulivu_Nyalenda
Wasee habari zenu. Juzi kulikuwa na kikao cha elimu ya uraia hapa Kisumu, waliotuita sitawataja. Tumekalishwa kwa viti za plastiki tangu saa tatu, jamaa anatusomea katiba kifungu baada ya kifungu na Kizungu cha kotini, kufika saa sita tuko kifungu cha 10, nusu ya watu wanasinzia. Kisha soda, kisha karatasi ya kusaini pesa ya fea, hapo ndio wote wakaamka. Mama mmoja wa omena alikuwa nyuma yangu akauliza, "hiyo katiba inasema nani atarudisha taa pale steji, nimenyang'anywa kibeti mara mbili nikifunga meza?" Akaambiwa hilo si swali la leo. Sasa nauliza bila kejeli, hii kitu inasaidia demokrasia kweli ama tunahesabiwa vichwa ndio ripoti ijae?

Fundi_wa_Rhonda
Hilo swali la mama ndio wangeanza nalo bana. Taa za barabarani ni kazi ya kaunti, iko kwa Jedwali la Nne la katiba. Hapa Nakuru unapata mtu anatukana mbunge juu dispensari haina dawa, akikutana na MCA, yule mwakilishi wa wodi, anamuuliza juu ya shule ya upili, na wote wawili wanatoroka na jibu moja, "hiyo si kazi yangu", na ni kweli! Siku ya kura tunapewa karatasi sita. Enda steji yoyote uulize seneta hufanya nini, utachekwa.

Jua_Kali_Kondele
Tusidanganyane, watu wanajua. 2024 ule mswada wa fedha ulisomwa mpaka na makanga, vijana wakatafsiri vifungu kwa lugha za nyumbani wakaweka TikTok, hakuna aliyewaita kikao wala kuwanunulia soda. Juni 25 watu wakauawa kwa maandamano, kesho yake ndio rais akasema hatausaini. Wanaofaa kupelekwa darasani ni waheshimiwa.

Mwalimu_Bungoma
@Jua_Kali hapo nakubali nusu, juu hiyo ya 2024 ndio elimu ya uraia yenyewe, watu walisoma kwa sababu mkate ulikuwa unawekewa ushuru, si kwa sababu kuna bango. Na kisheria kaunti haitufanyii hisani, elimu ya uraia iko kwa Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, sehemu ya 10. Shida ni wakati. Makadirio ya bajeti ya kaunti yanafaa kufika bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na mwaka mpya wa fedha unaanza Julai 1. Mkiitwa Julai kujadili bajeti hiyo ni kwenda matanga mzee ashazikwa.

Sisi hapa kijijini tulichoka, tukakaa chini ya mwembe na kijana mmoja ako na simu ya kufungua PDF, tukatafuta kurasa za wodi yetu peke yake, hayo mengine mia mbili tukaachana nayo. Tukapata daraja letu limewekewa pesa miaka miwili mfululizo na hapa bado tunavuka na magogo. Tukaandika barua kuuliza, kifungu cha 35 cha katiba, haki ya kupata habari. Sheria ya habari inasema tujibiwe kwa siku 21, tulijibiwa baada ya miezi miwili, na daraja bado, lakini mkandarasi sasa tunamjua kwa jina na yeye anajua tunamjua. Mzee mmoja ameibandika hiyo barua ukutani kando ya kalenda.

Mtulivu_Nyalenda
Mwalimu umeniamsha. Nimepita kwa huyo mama leo asubuhi nikamsomea hii yako, akaacha kupima omena akaniangalia. Anasema yeye Kizungu hana na kuandika alisahau.

Mwalimu_Bungoma
Kizungu cha nini? Hiyo sheria ya habari ya 2016 inasema ombi ni kwa Kiingereza au Kiswahili. Na asiyejua kuandika, afisa ndiye anafaa kumsaidia mpaka ombi liandikwe. Nendeni na nakala mbili, moja ipigwe muhuri mrudi nayo.

Mtulivu_Nyalenda
Sawa basi, Jumatatu, juu siku hiyo omena huwa kidogo. Anauliza kama anaweza kuweka na hiyo ya kibeti.

Fundi_wa_Rhonda
😂 Kibeti ni polisi, hao si wa kaunti. Mwambie.