Bosi anataka kunisomesha radiolojia kwa mkataba wa miaka 6. Nisaini au nikimbilie mkopo?

Binti wa Isyesye
Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri, matusi hapana, mawazo niliyonayo yananitosha.

Nina miaka 23, nipo Mbeya. Kidato cha nne nilipata divisheni three: Bayolojia C, Kiingereza C, Kemia D, Fizikia D, Hisabati ndiyo hivyo tena. Nyumbani hela ya kuendelea haikuwepo, nikaingia kazini. Sasa nipo mapokezi kwenye kituo cha afya cha mtu binafsi, pembezoni mwa jiji. Naandikisha wagonjwa, nakata risiti, nahangaika na fomu za bima.

Bosi, ambaye ni daktari, anataka anisomeshe stashahada ya radiolojia, miaka mitatu, ada yote juu yake. Nikimaliza nimtumikie miaka 6 kwa mshahara atakaoupanga yeye. Nikiondoka kabla, narudisha ada mara mbili. Mama anasema bahati haigongi mlango kila siku. Kaka yangu wa Tunduma anasema huo ni utumwa wenye risiti. Mimi kazi yenyewe naipenda, hata kama eksirei yetu ni ya zamani na kaseti za kunasia picha ziko mbili tu, moja ina mkwaruzo unatokea kwenye kila picha kama ufa wa ubavu.

Nisaini, au niombe mkopo? Anataka jibu kabla ya Jumatatu.

Bajaji Kabwe
Saini. Miaka sita ni nini? Mimi mwaka wa nane huu nampelekea mtu hesabu ya bajaji yake kila jioni na hajanisomesha hata kupiga honi.

Mama wa Ilomba
Mwanangu, huyo bosi ana mke? Nauliza tu. Wanaume wanaolipa ada za mabinti wa watu nawajua. Binti wa dada yangu alisomeshwa uuguzi na mfanyabiashara wa Mwanjelwa, tukashangilia, tukapika. Mwaka wa pili tukasikia kuna chumba amepangiwa Nzovwe. Cheti alikipata, sikatai, lakini na mtoto alimpata pamoja nacho. Mtoto mwenyewe mzuri, ana akili, yuko darasa la tatu, juzi kawa wa pili. Ila nilikuwa nasema nini… Kaa chini na mama yako mwombe Mungu.

Kijana wa Uyole
Dada usisome hiyo kitu. Mionzi inaua kizazi. Kuna jamaa alikuwa anapiga picha hospitali fulani hadi leo hana mtoto. Soma famasi.

Chumba cha Giza
Kijana wa Uyole, nimepiga picha miaka 34, nimestaafu, nina watoto watano. Wajukuu wananiita kwa zamu.

Mfanyakazi wa mionzi amewekewa kikomo: milisiveti (kipimo cha mionzi) 20 kwa mwaka, wastani wa miaka mitano. Dunia yenyewe, ardhi na anga, inampa binadamu kama 2.4 kwa mwaka bila yeye kugusa mashine yoyote. Mpigaji anayesimama nyuma ya ukuta wake na kuvaa beji ya kupimia, kwa kawaida hata milisiveti moja ya kazini hamalizi mwaka nayo. Hatari ipo kwa asiyejua asimame wapi. Ukiongeza umbali mara mbili, mionzi inapungua hadi robo. Nimeanza 1986, filamu tunazisafisha kwa mkono gizani, taa nyekundu, mikono inanuka siki mpaka mke wangu akadhani nauza achari. Hakuna aliyeugua, kwa sababu tulifundishwa.

Binti, kazi ni nzuri. Hakikisha tu chuo na kozi yenyewe vimo kwenye mwongozo wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati. Chuo kinaweza kuwa na usajili lakini radiolojia haimo. Watu wameshalia.

Baridi ya Makambako
Ngojeni kidogo. Mleta uzi yuko mapokezi, anakata risiti. Amejuaje kwamba mkwaruzo wa kaseti unatokea kwenye KILA picha? Dada, hapo kwenu nani anapiga eksirei?

Binti wa Isyesye
Yupo mtaalamu.

Baridi ya Makambako
Leo alikuwepo?

Binti wa Isyesye
Swali langu lilikuwa mkataba.

Baridi ya Makambako
Leo alikuwepo?

Binti wa Isyesye
Sawa. Alikuwepo, sasa hayupo. Mwaka jana mwezi wa tatu alipata ajira serikalini, akaondoka. Kabla hajaondoka alinielekeza wiki mbili. Kuna karatasi ukutani: kifua namba hii, goti namba hii, kiganja namba hii. Naweka namba, nabonyeza, kaseti naipeleka kwenye kisomeo, picha inatokea kwenye kompyuta. Daktari ndiye anayesoma, mimi sisomi picha ya mtu.

Kabla hamjanirukia: mgonjwa aliyeanguka na bodaboda akiambiwa aende mjini, atalipa nauli na nani? Wananishukuru. Na si kwamba nafanya ovyo, karatasi naifuata.

Kwenye mkataba kuna kipengele kwamba nikiwa chuoni, Jumamosi, Jumapili na likizo narudi kupiga. Hicho tumeshakubaliana kwa mdomo. Sikukitaja kwa sababu nilijua mtaacha swali mshike hilo.

Mama wa Ilomba
Yesu wangu.

Bajaji Kabwe
Na mimi goti langu nilipiga kituo cha pembeni mwezi wa nane. Dada, wewe ni mrefu mweupe?

Kijana wa Uyole
Nilisema famasi.

Chumba cha Giza
Unasimama wapi ukibonyeza? Beji unayo? Aproni ya risasi ipo?

Binti wa Isyesye
Shikamoo mzee. Nasimama mlangoni, mlango wa mbao, waya wa kubonyezea unafika hapo. Beji aliondoka nayo mwenzangu, ilikuwa na jina lake. Aproni ipo moja, nawavalisha akina mama wanaoshika watoto.

Bajaji Kabwe
Aproni ya risasi? Kwani huko mnapiga picha au mnapigana?

Chumba cha Giza
Marahaba. Risasi ni madini, Bajaji, yale mazito. Yanazuia mionzi.

Hapo kwenye kuwavalisha akina mama umefanya vizuri kuliko wengi. Na hao akina mama unawauliza kwanza kama ni wajawazito?

Binti wa Isyesye
Naangalia tumbo.

Chumba cha Giza
Mimba ya wiki tano haina tumbo, mwanangu.

Baridi ya Makambako
Nipo sekta ya afya, siyo radiolojia, lakini hili halihitaji radiolojia. Kuna sheria ya wataalamu wa radiolojia tangu 2007, kuna baraza linalosajili wapigaji, na kuna Tume ya Nguvu za Atomu inayokagua mashine. Wakija, bosi atasema "sikumtuma, alijipenyeza". Jina lako liko kwenye kitabu cha mapokezi, lake haliko popote. Hiyo ada ni bei ya kukufunga mdomo. Anapata mpigaji wa bure kwa miaka mitatu ya chuo, kisha wa bei ya kutupa kwa sita. Piga hesabu: tisa.

Profesa wa Kijiweni
Mbona mnamtisha mtoto? Wilhelm Röntgen alipogundua hii mionzi mwaka 1895 alimpiga mkewe picha ya mkono, pete inaonekana kabisa. Alikuwa na leseni ya nani? 1901 akapewa Nobel.

Chumba cha Giza
Na Clarence Dally, msaidizi wa Edison, alichezea mionzi hiyo hiyo kwa mikono mitupu. Wakamkata vidole, wakamkata mikono, 1904 akafa. Naye hakuwa na leseni.

Profesa wa Kijiweni
Mzee umeniweza.

Mkurugenzi wa Chai
Nimesoma kimya kimya, sasa niseme. Hii ni chai, hadithi ya kutunga. Tena siyo ya maziwa, ni kavu, imechumwa Mufindi asubuhi hii. Akaunti imefunguliwa jana. Mtu wa mapokezi anaweka koma na nukta kama karani wa mahakama. Kwanza hajui kitu, kidogo kidogo anajua kaseti, kisomeo, aproni. Huyu ama ni ofisa anawatega wenye vituo, ama ni dalali wa chuo. Uzi utaishia na namba ya simu ya udahili. Nimevuta kiti nasubiri namba.

Mama wa Ilomba
Kumbe! Na mimi nimeshamweka kwenye maombi ya usiku.

Kijana wa Uyole
Hata mimi nilishtuka. Mbeya gani hiyo mtu hajataja mvua hata mara moja.

Binti wa Isyesye
Akaunti nimefungua jana kwa sababu ile nyingine wanaijua kazini. Basi, uzi ufungwe, sina haja.

Chumba cha Giza
Usifungwe. Nina swali moja, jibu kwa haraka, usiende kutafuta. Picha ya kifua, mgonjwa anayeweza kusimama, unamsimamishaje?

Binti wa Isyesye
Kifua kwenye kaseti, mgongo kwangu, mikono kiunoni, mabega ayasukume mbele. Avute pumzi aibane.

Chumba cha Giza
Kwa nini kifua kwenye kaseti na siyo mgongo?

Binti wa Isyesye
Sijui mzee. Niliambiwa hivyo tu.

Chumba cha Giza
Mkurugenzi, kunywa chai yako urudishe kikombe. Tapeli angelijua jibu, angelisoma jana usiku akalipamba. Huyu amejibu kama wote walioonyeshwa kitufe bila kuonyeshwa sababu. Nimewaona, nimewasimamia, nawajua kwa sauti.

Binti wa Isyesye
Mzee, sababu ni nini?

Nauliza kwa sababu mwezi wa tano waliletwa wagonjwa watatu kwa mpigo na mmoja alikuwa bibi wa watu asiyeweza kusimama. Nikamkalisha kitini, kaseti nikaiweka mgongoni, mashine nikaisogeza karibu kwa sababu chumba ni kidogo. Daktari akasoma: moyo umetanuka. Akamwandikia hospitali kubwa. Wakauza mahindi, debe nyingi tu, na ilikuwa kabla ya mavuno mapya. Alivyorudi mjukuu wake akaja kuniambia kwa furaha kwamba wamempima upya, moyo ni mzima. Alidhani ni muujiza. Nikasema Mungu mkubwa. Usiku sikulala, na hadi leo sijui nilikosea nini, maana namba niliweka ile ile ya kwenye karatasi.

Chumba cha Giza
Washa kibatari, weka kiganja karibu na ukuta, angalia kivuli. Sasa kirudishe kiganja kuelekea kwenye kibatari. Kivuli kinakuwa cha jitu.

Moyo uko mbele ya kifua. Kifua kikigusa kaseti, moyo uko karibu na ukuta, kivuli chake ni karibu na ukubwa wake. Mgongo ukigusa kaseti, moyo umesogea kuelekea kwenye taa. Na taa yenyewe, yaani mashine, kwa kifua inatakiwa iwe sentimita 180 kutoka kwenye kaseti. Wewe uliileta karibu. Bibi kakaa, pumzi hakuvuta vizuri. Moyo lazima uvimbe kwenye picha.

Asiyeweza kusimama anapigwa hivyo hivyo, siyo kosa. Ila unaandika pembeni ya picha: amekaa, mgongo kwenye kaseti. Msomaji akiona hayo maandishi hasemi moyo umetanuka kwa wepesi. Maneno machache tu hayo. Karatasi ya ukutani haina nafasi ya kuyaandika.

Binti wa Isyesye
Ndaga fijo, asante sana mzee.

Nimeenda kujaribu na tochi ya simu.

Mkurugenzi wa Chai
Nimerudisha kikombe. Samahani dada. Hata mimi nimejaribu na tochi.

Baridi ya Makambako
Turudi kwenye hela. Mikopo ya stashahada kutoka Bodi ya Mikopo ilianza 2023/2024 kwa fani za kipaumbele, na afya imo. Fizikia, Kemia na Bayolojia unazo, omba udahili kama watu wengine. Na mazoezi ya hospitali ni ya kila wiki na unasimamiwa. Chuo kitakachokuruhusu utoroke kila Ijumaa kwenda kumpigia bosi picha, kiulize mara mbili. Mkataba usisaini.

Binti wa Isyesye
Nimeshasaini.

Nakala moja, Ijumaa. Hajaichukua, ipo kwa mama kwenye sanduku la vitenge. Nilitaka tu nisikie mtu akisema nimefanya sawa.

Bajaji Kabwe
Mimi nilisema saini. Narudisha kauli yangu.

Mama wa Ilomba
Karatasi iliyo kwenye sanduku la mama bado ni ya mama. Mwambie aipasue, afungie maandazi.

Chumba cha Giza
Isomwe na mtu wa sheria kwanza. Na kesho usibonyeze, binti. Sema huwezi.

Binti wa Isyesye
Mzee, mshahara wangu ndio unalisha wadogo zangu wawili. Nikisema siwezi, Jumanne ataletwa mwingine aonyeshwe karatasi, na huyo hatajua habari za kibatari. Sijui mnaelewa.

Bosi anapiga simu. Kuna mtu kaanguka na bodaboda.

Chumba cha Giza
Binti?

Baridi ya Makambako
Mleta uzi?

Binti wa Isyesye
(siku mbili baadaye) Nipo. Sikwenda. Nilimwambia naumwa tumbo, wakampeleka mtu mjini kwa bajaji. Mguu ulikuwa umevunjika kweli. Leo pia nimesema tumbo. Fomu ya chuo nimeijaza nusu, nimekwama kwenye picha ndogo, studio ya hapa umeme umekatika.

Bajaji Kabwe
Ile bajaji ilikuwa yangu. Walilipa nusu.

Mama wa Ilomba
Kesho badilisha, sema kichwa. Tumbo siku tatu mfululizo watasema una mimba, na mtaa utanikumbuka mimi.